Nyumba ya vyumba tisa

Mjomba wangu alishuka Mikindani mwezi Juni, akitokea Newala kufuata salfa ya mikorosho, na usiku huo, baada ya chakula, aliinuka mkekani, akawasha tochi ya simu yake na kujipenyeza nyuma ya kabati langu la muziki. Nilimsikia akihesabu kwa sauti ya chini, kama mtu anayehesabu magunia ghalani. Alipotoka alikuwa na utando wa buibui begani.

"Mpwa wangu," alisema, "mashine yako hii ina matundu tisa nyuma, ukiacha la umeme. Wewe umechomeka mawili tu. Umejenga nyumba ya vyumba tisa, unalala kimoja."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alirudi kuketi, akausikiliza wimbo wa dansi uliokuwa ukiendelea, kisha akaongeza neno ambalo wakati ule nililiacha lipite: "Na huyu mwimbaji mbona amekaa upande? Mwaka jana alikuwa katikati."

Nilimwambia kwamba yeye ndiye aliyekaa upande.

Asubuhi aliondoka na salfa yake. Maneno yake mawili yalibaki, na kwa kuwa kwetu Wamakonde neno la mjomba halitupwi kirahisi, yalinikaa kichwani kwa wiki kadhaa, nikiwa darasani na nikiwa ndani ya daladala ya kwenda Mtwara mjini, mpaka nilipolazimika kuyajibu moja baada ya jingine.

## Nilivyoichagua njia ya XLR

Pleya yenyewe, ya kuchezea CD, ni ya Kijapani, imetumika, ina uzito wa kilo 17, na ilinifikia kupitia Dar es Salaam ikiwa na plagi ya pini mbili bapa. Kampuni yake sitaitaja, kwa sababu mengi yatakayosemwa hapa ni makosa yangu mwenyewe na sipendi yaiangukie.

Matundu tisa aliyoyahesabu mjomba ni haya: mawili ya RCA ya kutoa sauti, yale ya duara tunayoyajua sote; mawili ya XLR, makubwa, yenye pini tatu; mawili ya kutoa sauti ikiwa bado ni tarakimu, moja likitumia waya na jingine likitumia mwanga; mawili ya kuingiza tarakimu kutoka mashine nyingine, nayo pia moja la waya na moja la mwanga; na moja dogo la kuunganisha rimoti na amplifaya ya kampuni hiyohiyo, ambalo nadhani hata waliolitengeneza hawakulitumia sana.

Mimi nilichomeka XLR siku ya kwanza na sikuangalia nyuma tena.

Sababu niliyojipa ilikuwa ya kitaalamu. RCA hubeba sauti kwa waya mmoja, ikilindwa na ganda linalouzunguka. Ni muundo wa zamani mno, kwani jina lenyewe linatokana na Radio Corporation of America, kampuni iliyouleta katika miaka ya 1930. XLR hubeba sauti kwa nyaya mbili: wa kwanza huipeleka kama ilivyo, na wa pili huipeleka ikiwa imepinduliwa, kilima kikiwa bonde na bonde likiwa kilima. Mvumo wowote unaoingia njiani huziingia nyaya zote mbili kwa namna moja. Mwisho wa safari amplifaya hutafuta tofauti kati ya nyaya hizo. Sauti, kwa kuwa ilikuwa kinyume, huongezeka maradufu, na mvumo, kwa kuwa ulikuwa sawasawa, hujifuta. Mwalimu wa hesabu hawezi kuona kutoa kunakofuta kelele asikupende.

Sababu ya kweli, ninayoweza kuikiri sasa, ilikuwa kwamba nilipobadilisha kutoka RCA kwenda XLR, muziki ulijaa chumbani, ngoma zikasogea karibu, na mimi nikatangaza kwa kila mgeni aliyekanyaga sebule yangu kwamba hiyo ndiyo tofauti kati ya vifaa vya kawaida na vifaa vya daraja la juu.

## Mwimbaji amehama

Wiki mbili baada ya mjomba kuondoka, nililisikia lile alilolisikia yeye.

Ilikuwa santuri ileile, CD niliyopewa na binamu yangu, ambayo ni nakala ya rekodi za dansi zilizofanywa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na ni rekodi ya mono. Jambo hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana. Katika rekodi ya mono, upande wa kulia na upande wa kushoto hupokea kitu kimoja, namba kwa namba, mara 44,100 kwa kila sekunde. Mtu akiketi katikati ya spika mbili, mwimbaji hana budi kusimama katikati. Rekodi ya stirio inaweza kuficha kasoro, kwa sababu huwezi kujua kama gitaa lilipangwa liwe kushoto au limesukumwa huko na ubovu. Mono haina pa kuficha. Tangu siku hiyo naiheshimu santuri ile ya bure kuliko zote nilizonunua.

Mwimbaji alikuwa amesogea kushoto, karibu na dirisha. Nilihamisha kiti, naye akabaki palepale. Nikasogeza spika, nikatoa zulia, nikarudisha zulia.

Hapo ndipo elimu yangu ndogo iliponiponza. Nilikuwa nimesoma kwamba ndani ya pleya hii kila upande una chipu yake ya kugeuza tarakimu kuwa sauti, chipu mbili zilizotenganishwa ili upande mmoja usiuchafue mwingine, nami nikaamua kwamba ya kulia imezeeka. Uamuzi huo ulikuwa mtamu kwa sababu ulikuwa mgumu: ulihitaji utafutaji, ujumbe kwa wauzaji wa mbali, maswali ya bei. Chipu zile hazitengenezwi tena, na zile zinazouzwa mtandaoni nyingi ni za kughushi. Nilipoteza karibu mwezi mzima, na nilikuwa na fedha tayari kwenye simu za kumtumia muuzaji mmoja wa Dar, nilipoona ni busara kwanza kumwita fundi wa mjini aifungue mashine mbele yangu.

## Chini ya kifuniko

Alikuja kwa bodaboda Jumamosi, na begi lake la turubai likiwa na pasi ya kuchomelea, risasi na multimita iliyofungwa kwa gundi ya karatasi. Tulitoa skrubu kumi na moja. Sijui ya kumi na mbili iliachwa nchi gani.

Nimefungua redio nyingi maishani, lakini hii ilininyamazisha. Upande wa kushoto zilikaa transfoma mbili, moja ikihudumia kila kinachoshughulika na tarakimu, yaani mota, leza na rimoti, na nyingine ikihudumia sauti peke yake. Fundi alinieleza kwa mfano wa nyumba ya kupanga: mpangaji mmoja akiwasha mashine ya kusaga, taa za wenzake hupepesa, na dawa ni kila mmoja awe na mita yake. Mizunguko ya tarakimu hukata na kuwasha umeme mamilioni ya mara kwa sekunde, nayo sauti ni mpangaji mwenye usingizi mwepesi.

Katikati, umbali wa kidole kutoka chipu za sauti, kulikuwa na kikopo cha bati chenye ukubwa wa punje ya korosho. "Hii ndiyo saa yake," fundi alisema. Ndani yake mna fuwele inayotetema kwa mwendo usiobadilika, na kila kitu kingine huifuata. Juu yake iliandikwa 16.9344, yaani mitetemo milioni 16.9344 kwa sekunde. Nilichukua kikokotozi cha simu nikazidisha 44,100 kwa 384, nikapata 16,934,400, namba ileile, bila masalio. Sijui kwa nini jambo hilo lilinifurahisha kiasi kile. Nadhani ni kwa sababu kwa mara ya kwanza niliona kiwango walichokubaliana Philips na Sony kabla CD haijaingia sokoni mwaka 1982 kikiwa kimekwaruzwa juu ya bati, sebuleni Mikindani.

Mahali ilipokaa saa hiyo ni hoja pia. Chipu za sauti zinahitaji kila sampuli, yaani kila mojawapo ya zile namba 44,100 za sekunde, ifike kwa wakati wake. Ikichelewa au ikiwahi, hata kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, umbo la wimbi hupotoka, ingawa namba yenyewe ni sahihi. Watengenezaji makini huweka saa karibu na chipu hizo, si karibu na leza, ili ishara isisafiri mbali na kuchafuka njiani.

Kisha tukafuata njia ya sauti mpaka nyuma kabisa, kwenye matundu, na hapo fundi akaguna.

"Mwalimu, hii XLR yako inazaliwa mlangoni."

Sikumwelewa. Akanionyesha kwa ncha ya bisibisi: kutoka kwenye chipu hadi kwenye vichujio, sauti ilikuwa ikisafiri kwa njia moja tu kwa kila upande. Njia hiyo ilikwenda moja kwa moja kwenye RCA. Pembeni yake kulikuwa na aisii moja, yaani chipu ndogo yenye miguu minane, kazi yake ikiwa kuichukua sauti hiyohiyo, kuipindua, na kuzipeleka nakala zote mbili kwenye XLR. Zipo pleya ambazo hupindua sauti tangu ikiwa tarakimu, zikatumia chipu nne au zaidi na njia mbili kamili kwa kila upande hadi nje. Yangu si mojawapo. Sauti iliyokuwa ikitoka XLR ilikuwa ni sauti ya RCA iliyopita katika chumba kimoja cha ziada.

Nilikumbuka wageni wote niliowahutubia.

## Swali ambalo sikuwa nimeliuliza

Fundi hakuona kasoro ndani. Alikaa kwenye kigoda, akafuta mikono, akauliza kwa upole: "Uliwahi kubadilishana nyaya? Wa kulia ukaupeleka kushoto?"

Sikuwahi.

Ni jambo la dakika mbili. Ukibadilishana nyaya na kasoro ikabaki kulia, mashine ndiyo mbovu. Kasoro ikihama pamoja na waya, waya ndio mbovu. Mimi huwafundisha wanafunzi wa kidato cha pili kubadilisha kigezo kimoja tu kwa wakati mmoja, na kwa mwezi mzima nilikuwa sijabadilisha hata kimoja.

Tulibadilishana. Mwimbaji alitoka dirishani, akapita mbele yetu, akaenda kusimama kulia karibu na mlango.

Fundi aliuchomoa waya ule upande wa amplifaya, akacheza mlio wa hezi 100 niliokuwa nimeurekodi kwenye CD, na kupima pini moja moja dhidi ya pini ya kwanza, ambayo ni ya ganda. Pini ya pili ilionyesha volti 2.1. Pini ya tatu ilionyesha sifuri. Alipoifungua plagi, tuliona mahali risasi ilipokuwa imeushika waya: pamegeuka kijani, na waya umekatika kwa utulivu kabisa, ukiwa bado umelala mahali pake kama mzima. Dirisha langu linatazama ghuba, na msimu wa kusi chumvi huingia ndani mpaka kwenye bawaba za kabati. Huenda waya huo ulianza kufa kabla mjomba hajafika.

Kilichonisumbua zaidi ni namna ulivyokufa. Waya wa RCA ukikatika, upande mmoja hunyamaza na utajua usiku huohuo. XLR ikipoteza waya mmoja kati ya miwili, nusu iliyobaki huendelea kuimba. Upande wa kulia ulikuwa umeshuka kwa desibeli 6, yaani volti zake zimebaki nusu, kiasi cha kumhamisha mwimbaji lakini si cha kumnyamazisha, na ule uwezo wa kufuta mvumo ulikuwa umekwisha bila kutoa taarifa. Nilikuwa nikisikiliza kifaa kilicholemaa nikidhani nasikiliza ubora.

Mjomba, ambaye nyumbani kwake ana redio ya betri, alikuwa amelisikia kwa wimbo mmoja.

## Majaribio ishirini

Fundi aliukata waya, akaumenya upya, akauchomelea. Mwimbaji alirudi katikati. Kwa mtu mwingine hadithi ingeishia hapo, lakini sasa nilikuwa na deni jingine: nilitaka kujua kama XLR, ikiwa nzima, kweli ilikuwa bora kama nilivyotangaza.

Tulipima matundu yote mawili kwa mlio uleule. RCA ilitoa volti 2.1, XLR, kati ya pini ya pili na ya tatu, ilitoa 4.2. Maradufu, yaani desibeli 6 zaidi. Hiyo haikuwa kasoro, ndivyo mfumo ulivyo. Lakini sikio la binadamu lina udhaifu wake: ukilipa kitu kilekile kwa sauti ya juu kidogo, litakiita kizuri zaidi, na litakupa maneno ya kupamba hukumu hiyo, kama vile ngoma kusogea karibu.

Amplifaya yangu inaruhusu kila njia ya kuingilia kuwekewa kiwango chake cha kuanzia, kwa hiyo niliipunguza XLR kwa desibeli 6. Binti yangu, aliye kidato cha tatu, aliketi nyuma yangu na rimoti, akirusha sarafu ili kuamua ni njia ipi aiweke, na kuandika kwenye daftari. Mimi nilitazama ukuta na kutaja jibu. Tulifanya mara ishirini, kwa santuri tatu.

Nilipata kumi na moja.

"Baba, hata sarafu yenyewe ingepata kumi," alisema, akafunga daftari.

Sisemi kwamba XLR haina maana, wala jaribio la mtu mmoja sebuleni halithibitishi chochote kwa mashine nyingine. Kwenye jukwaa, au msikitini ambako waya wa maikrofoni hukimbia mita 30 sambamba na nyaya za umeme, mfumo huo ni wa lazima na hakuna fundi mwenye akili atakayeuacha. Waya wangu una urefu wa sentimita 80. Katika sentimita 80 hakukuwa na mvumo wa kufuta, na nilichokuwa nikikipata kilikuwa ni sauti ya juu zaidi, aisii moja zaidi, na pini nne zaidi za kuliwa na chumvi.

Nilirudi kwenye RCA. Kwa wiki nzima niliona aibu ndogo kila nilipoyatazama matundu yale mawili matupu.

## Chumba cha mwanga

Vilibaki vyumba vingine, na hapa ndipo mjomba alipokuwa na haki zaidi kuliko alivyojua.

Televisheni yetu ilikuwa na mvumo. Kila nilipoiunganisha na amplifaya kwa RCA, spika zilitoa mlio mzito usiokoma. Chanzo hakikuwa televisheni yenyewe: ganda la waya wa dishi, unaoshuka kutoka paani hadi kwenye king'amuzi, lina ethi yake, yaani njia ya umeme kwenda ardhini, na amplifaya ina ethi yake kupitia plagi ya pini tatu, na ethi mbili zisizo sawa zikiunganishwa kwa waya wa sauti, umeme wa hezi 50 hupata kijia cha kuzunguka. Nilikuwa nimeshakubali kuishi nao.

Lile tundu la kuingiza mwanga lilikuwa limefunikwa kwa kizibo cha plastiki tangu nilipoinunua mashine. Ni mfumo ulioletwa na Toshiba mwaka 1983: taa ndogo nyekundu upande mmoja, uzi wa plastiki unaopitisha mwanga, na kipokezi upande mwingine. Mwanga haubebi ethi. Nilinunua uzi wa mita mbili mjini, nikauchomeka nyuma ya televisheni na nyuma ya pleya, nikabonyeza kitufe cha kuchagua njia.

Kimya kabisa.

Ilinichukua jioni mbili kugundua kwamba televisheni ilikuwa ikituma sauti iliyobanwa, ya kwenda kwenye mifumo ya spika nyingi, na pleya ya zamani haikuielewa ikaamua kunyamaza. Katika menyu ya sauti nilichagua PCM, yaani sauti isiyobanwa, na mtangazaji wa taarifa ya habari akazungumza sebuleni kupitia chipu zilezile nilizokuwa nimezituhumu, bila mvumo hata chembe. Pleya ya CD ilikuwa imegeuka kuwa kigeuzi cha sauti ya televisheni, bila hata santuri ndani.

Jambo hilo lilibadilisha namna ninavyoyatazama matundu yaliyobaki. Katika mashine kama hii, sehemu inayochoka mapema ni ile inayotembea: leza na mota. Leza ikifa, matundu ya kuingiza tarakimu yataiacha nusu ya pili ya mashine, ile yenye transfoma yake peke yake, iendelee kufanya kazi kwa kupokea kutoka kwingine. Chipu za sauti zikifa, matundu ya kutoa tarakimu yataiacha leza ilishe kigeuzi kingine. Nimeshajaribu lile la waya kwa kutumia waya wa zamani wa video, ule wenye kichwa cha njano, kwa kuwa wote wawili hutakiwa kuwa wa omu 75. Walioichora mashine hii waliigawa katikati na kuweka mlango kila upande wa mpasuko.

Hofu yangu sasa ni transfoma ninayotumia kushusha volti 230 za kwetu kuwa 100 za Kijapani, ambayo huunguruma siku za joto. Hezi hazinipi shida, maana Japani yenyewe hutumia 50 upande wa mashariki na 60 upande wa magharibi. Lakini hilo ni la siku nyingine.

Mjomba alirudi Oktoba, minada ya korosho ilipoanza. Baada ya chakula alichukua tochi, akaenda nyuma ya kabati, akahesabu. "Matatu," alisema. Matundu mengine sita yalikuwa yamezibwa kwa vifuniko vya mpira nilivyovikata kutoka kwenye kandambili kuukuu, dhidi ya chumvi. Alivigusa kimoja kimoja bila kusema neno.

Nikaweka santuri ya dansi. Alikaa kwenye kiti changu, akasikiliza hadi gitaa la pili lilipoingia, akatikisa kichwa.

"Karudi," alisema.

Kisha akaomba nimwekee taarifa ya habari.